Usipige ramli: kutafuta kosa kwenye reli ya mfano

Picha tunazoonyeshana sisi wajenzi wa reli ndogo huwa na adabu sana. Kichwa cha treni kimetulia katikati ya daraja, nyasi zimesimama wima, kokoto zimelala, hakuna behewa lililopinduka. Kisichoonekana ni kidole kilichokuwa kinakisukuma kichwa hicho sekunde mbili kabla ya kamera kubofywa, kwa sababu pale darajani hakipiti chenyewe. Picha hiyo ni yangu, na mwongozo huu unahusu sekunde hizo mbili.

Nimeupanga kwa dalili, si kwa vifaa. Anayeanza haji akisema volti zake zinashuka. Anakuja akisema treni inachoka kule konani. Mifano yangu mingi ni ya HO, yaani kipimo cha 1:87 chenye reli zilizoachana milimita 16.5. Mwenye N, ya 1:160 na milimita 9, atakutana na mambo yale yale, ila kwake vumbi ni kubwa zaidi na uvumilivu wa reli ni mdogo zaidi.

Kabla ya kushika bisibisi

Jiulize kwanza: kosa linafuata treni, au linakaa mahali?

Pitisha vichwa viwili tofauti kwenye njia ile ile, polepole. Kikisimama kimoja tu, na kinasimama popote kinapojisikia, ugonjwa uko ndani yake. Vikisimama vyote palepale, viache vipumzike. Ugonjwa uko njiani. Behewa nalo ligeuze nyuma mbele ulipitishe tena. Likianguka kwa magurudumu yale yale hata baada ya kugeuzwa, behewa ndilo lenye kasoro. Likianguka kwa magurudumu yaliyotangulia, yawe yapi, shuku reli. Na kuna kesi ya tatu inayotesa: behewa moja tu, mahali pamoja tu. Hapo kila upande una kosa dogo ambalo peke yake lingesamehewa, na itabidi urekebishe yote mawili.

Bandika kipande cha tepu kando ya reli kila treni inapokwama. Baada ya jioni mbili tatu tepu zitakuwa zimerundikana sehemu fulani, na utakuwa na ramani ya matatizo yako. Mimi nilidharau hatua hii nikafungua mota nzima, gia zote zikawa mezani, kumbe kilicholegea kilikuwa kiungio cha reli. Springi moja iliruka siku ile na sijaiona tena.

Treni inasimama, ukiigusa inaondoka

Uchafu. Mara tisa kati ya kumi nitataja uchafu, hata kabla sijauliza swali la pili.

Umeme wote wa treni unapita pale gurudumu linapogusa reli, na eneo hilo ni dogo kuliko ncha ya kalamu. Utando mwembamba wa mafuta, vumbi na masizi ya cheche ndogo unatosha kuukata. Ndiyo maana ukiigusa inaondoka: umelisogeza gurudumu kidogo tu, likapata pa kugusa.

Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu. Msasa uache, hata ule laini. Unang'arisha, ni kweli, lakini unaacha mikwaruzo ambayo ni mifereji ya kuhifadhi uchafu wa wiki ijayo. Reli nyingi za leo ni za nikeli-silva, ambayo licha ya jina haina fedha hata chembe; ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Ukirithi reli za zamani za shaba ya njano, jua umerithi na kazi ya kuzifuta mara kwa mara.

Wengi hufuta reli wakasahau magurudumu, kisha wanashangaa uchafu umerudi baada ya mizunguko mitano. Tandaza karatasi ya jikoni yenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele ya kichwa juu ya karatasi, ya nyuma yabaki kwenye reli tupu, kisha washa umeme huku umekishikilia. Magurudumu yatazunguka papo hapo na kuacha mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi, rudia hadi mistari ipotee, geuza kichwa ufanye na yale ya nyuma. Mara ya kwanza mistari hiyo inatia aibu.

Ukisafisha vyote na uchafu ukarudi ndani ya wiki, tafuta anayeuleta. Mara nyingi ni mabehewa yenye magurudumu ya plastiki, ambayo hukusanya utando na kuusambaza kama brashi ya rangi. Yabadilishe kwa ya chuma, taratibu, kadiri mfuko unavyoruhusu. Mshukiwa mwingine ni wewe na chupa yako ya mafuta. Tone moja kwenye ncha ya sindano linatosha kwa bearingi. La pili litaishia kwenye reli.

Kama reli na magurudumu ni safi na kichwa kimoja bado kinasitasita, fungua sehemu ya chini uangalie vile vibati vyembamba vinavyochukua umeme kutoka nyuma ya magurudumu. Hupinda, au hujaa nywele na manyoya ya zulia. Virudishe viguse, lakini kwa kupapasa tu. Vikikandamiza vinageuka kuwa breki.

Kuna kusimama kwingine kusikohusiana na uchafu hata kidogo. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kinakwama katikati ya swichi ya njia, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, wakati kirefu kinapita bila kujua. Hapo kuna frogi, ile ncha ya V ambapo reli mbili hukatana, na kama frogi yako ni ya plastiki basi ni kisiwa kisicho na umeme. Kichwa kirefu kina magurudumu mengine nje ya kisiwa, kifupi hakina. Ongeza kasi kidogo na kitavuka kwa msukumo wake, lakini hilo ni la muda. Dawa ya kudumu ni swichi yenye frogi ya chuma inayopewa umeme na kubadilishiwa pande za umeme kila ndimi (zile reli zinazohama za swichi) zinapohama, au, kwa wenye mfumo wa kidijitali, ambao amri za kichwa hupita relini pamoja na umeme, kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) ndani ya kichwa ya kukibeba kwa ile nusu sekunde.

Inakimbia karibu na kidhibiti, inachoka upande wa pili

Dalili hii hudanganya kwa sababu mita ya umeme huisaidia kudanganya. Unapima mwanzoni, volti 12. Unapima mwisho, volti 12. Unahitimisha kuwa njia ni nzima. Tatizo ni kwamba umepima bila mzigo, na bila mzigo hata waya uliooza unaonyesha volti zote. Chukua balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, iunganishe na reli kule mwisho, kisha pima tena ikiwa inawaka. Inavuta karibu ampea 1.75, zaidi ya vichwa vingi vya HO. Volti zikishuka zaidi ya moja, mimi nakata shauri kuongeza waya.

Kisababishi huwa ni viungio, vile vibati vinavyoshikanisha kipande cha reli na kingine. Kazi yao ni kuzinyoosha reli zitazamane. Kupitisha umeme wanajitahidi tu, na kila mwaka juhudi inapungua, hasa baada ya maji ya gundi na rangi kupenya ndani. Pitisha waya mkuu chini ya meza, wa milimita mraba 2.5, na ushushe waya mwembamba kutoka kila kipande cha reli, au angalau kila mita moja. Ni kazi ya kuchosha shingo na mikono, umelala chali huku risasi ya kulehemu ya moto ikining'inia juu ya uso (vaa miwani), lakini ukiimaliza imekwisha.

Mwenye mfumo wa kidijitali, DCC, ana kipimo kingine cha haraka. Kichukue kipande cha sarafu ukilaze juu ya reli zote mbili, mahali pa mbali kabisa. Mashine inayotoa umeme na amri inatakiwa ikate umeme papo hapo. Isipokata, usitabasamu. Maana yake waya ni dhaifu kiasi kwamba mashine haitambui kuwa kuna shoti, na siku behewa litakapoanguka pale, ampea 5 kwa volti 15 zitaendelea kumiminika. Hizo ni wati 75, joto la pasi ya kulehemu, ndani ya behewa la plastiki.

Kila kitu kinazima ghafla

Hii ni shoti, na swali ni lini. Ikizima hata kabla treni haijawekwa, tafuta bisibisi iliyosahaulika juu ya reli (usicheke), uzi wa waya uliochomoza, au kiungio cha plastiki cha kuzuia umeme kilichobadilishwa na cha chuma kwa bahati mbaya. Usipoona kwa macho, gawa nusu kwa nusu: chomoa waya za nusu ya meza, jaribu, nusu yenye kosa igawe tena. Hata vipande 16 vinamalizwa kwa majaribio manne.

Ikizima treni inapomaliza kuzunguka na kurudi kwenye njia ile ile ikielekea ilikotoka, umejenga kitanzi cha kugeuzia. Fuata reli ya kushoto kwa kidole: inazunguka, inarudi, na inajiunga na reli ya kulia. Umejenga shoti kwa mikono yako mwenyewe, kwa uzuri kabisa. Kata reli zote mbili, mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi, ili kipande cha kati kiwe peke yake, na hakikisha ni kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Kisha kipande hicho kipewe umeme kupitia swichi ya kugeuza pande, au kifaa kinachogeuza chenyewe. Wenye treni za kampuni ya Märklin za HO, zinazochukua umeme kwenye vidoti vya katikati, hawalijui tatizo hili, na watakukumbusha.

Ikizima kichwa fulani tu kinapovuka swichi, nyuma ya gurudumu inagusa reli ya upande wa pili kwenye frogi. Pima nafasi ya magurudumu kwanza. Kama iko sawa, paka rangi ya kucha kwenye milimita chache za reli pale zinapokaribiana. Shoti ikiacha, umepata mahali.

Behewa linaacha njia

Hapa ndipo watu huanza kupiga ramli kwelikweli. Wengine huongeza uzito, wengine hupunguza kasi, wengine hulaumu kampuni. Shuka macho yako usawa wa reli, mulika tochi kutoka upande wa pili, sukuma behewa kwa mkono polepole na uangalie gurudumu lipi linapanda kwanza. Behewa hupanda juu ya reli mapema, husafiri likiwa limening'inia, kisha huanguka mbele. Kosa liko pale lilipopanda, ambapo panaweza kuwa sentimita 20 nyuma ya pale ulipolikuta limelala.

Pitisha ukucha juu na upande wa ndani wa reli. Ukucha ukidunda kwenye maungio, gurudumu nalo linadunda. Kosa la kawaida kuliko yote ni reli iliyoingizwa juu ya kiungio badala ya ndani yake: upande mmoja umeinuka karibu nusu milimita, na kokoto zimeshauficha. Fungua, uirudishe. Kisha piga tupa kidogo kwenye pembe za ndani za ncha za reli, kila ungio, iwe na kosa au isiwe nalo.

Halafu weka pima maji ndogo kwa kukatisha reli zote mbili na uisogeze taratibu. Kona yote ikiinama upande mmoja kwa usawa, sawa tu. Lakini kiputo kikihama ghafla kutoka upande hadi upande ndani ya sentimita chache, njia imejisokota, na behewa gumu lenye magurudumu manne ya mwisho hadi mwisho litainua mguu mmoja kama mbwa.

Njia ikishapita mtihani, geukia behewa. Nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja ipime kwa kile kibati cha kupimia cha NMRA, chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani kilichoanza mwaka 1935 na ambacho vipimo vyake ndivyo vinavyofanya mabehewa ya watengenezaji tofauti yaelewane. Gurudumu lililosogea lizungushe taratibu kwenye ekseli yake huku ukilivuta, na upime tena.

Uzito nao una kanuni ya chama hicho hicho. Kwa HO, anza na gramu 28, kisha ongeza gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu. Behewa la sentimita 15 basi linatakiwa liwe karibu gramu 113. Mengi hutoka kiwandani yakiwa chini ya hapo. Uzito uwekwe chini, karibu na sakafu ya behewa; ukiuweka kwenye paa umejenga kitu kinachotaka kulala. Wala usizidishe, kwa sababu kila gramu utaidaiwa na kichwa kwenye mlima.

Ukiligeuza behewa utaona skrubu mbili zinazoshika seti za magurudumu. Hapa pana ujanja ninaoupenda kuliko mwingine wowote. Moja iache izunguke kushoto na kulia tu, bila kuyumba. Nyingine ilegeze robo mzunguko zaidi ili seti yake iyumbe pia. Behewa sasa linakaa kama kigoda cha miguu mitatu, na kigoda cha miguu mitatu hakichagui sakafu. Mabehewa mengi sugu yamepona kwa robo mzunguko huu, bila kununua kitu.

Likianguka tu wakati wa kurudi nyuma, tazama viunganishi, yaani ndoano zinazoshikanisha behewa na behewa. Kimoja kikiwa juu kuliko kingine vitapishana na kusukumana. Na ile sindano inayoning'inia chini ya viunganishi vya kampuni ya Kadee na ndugu zake ikiwa ndefu mno itakwaruza swichi na kuinua behewa zima. Ipinde juu kidogo.

Yako pia makosa ya ramani, na hayo hayana skrubu. Kona ya nusu kipenyo cha sentimita 45.7 inawafaa mabehewa mafupi. Mabehewa marefu ya abiria, yale ambayo kwa HO yanakaribia sentimita 30, yanataka 60 hadi 75. Kona ya kushoto ikifuatwa mara moja na ya kulia, weka kipande kilichonyooka katikati chenye urefu wa behewa lako refu zaidi, la sivyo ncha za mabehewa mawili zitavutana pande tofauti. Na kama treni ndefu inaangukia ndani ya kona wakati wa kupanda mlima, una mabehewa mepesi mbele na mazito nyuma. Treni iliyovutwa inataka kunyooka kama kamba, na aliye mwepesi ndiye anayeng'olewa. Wazito wapande mbele.

Reli imejikunja yenyewe

Watu husema ni joto. Piga hesabu: mita 10 za reli, joto likipanda nyuzi 20, zinarefuka milimita 3 na kidogo. Si haba, lakini mbao za meza zikinywa unyevu na kukauka zinaweza kufanya vibaya zaidi. Paka mbao rangi pande zote, hata chini na kwenye ncha zilizokatwa, na usilehemu kila ungio. Konani lehemu, kwenye sehemu zilizonyooka acha mwanya wa unene wa kadi ya biashara kila mita mbili tatu. Ule waya ulioushusha kila kipande ndio unaokuruhusu kuacha mianya hii bila hofu.

Kelele, uvivu na milima

Mlio wa tak-tak unaojirudia kila gurudumu linapozunguka mara moja, na kichwa kinachuchumia kidogo kila mlio, ni gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Gundi haishiki, badilisha. Mota ikinguruma bila kichwa kwenda, gia inateleza. Kichwa kilichokaa kabatini miaka kikaja kizito na chenye joto, grisi yake imekuwa nta: ioshe yote, weka mpya kidogo, isiyokula plastiki. Mlima wa sentimita 2 kwa kila mita ni wa kiungwana. Kwa 4, punguza mabehewa na usilalamike.

Kichwa cha kidijitali kimekimbia chenyewe

Umeme ukikatika kwa uchafu na kurudi, dikoda nyingine (vile vifaa ndani ya kichwa vinavyopokea amri) hudhani zimewekwa kwenye reli ya kawaida ya umeme mnyoofu na kuondoka kwa kasi zote. Zima ruhusa hiyo kwenye CV29, moja ya namba za mipangilio ya dikoda. Vichwa viwili vikitii amri moja, vyote bado vina anwani 3, ile ya kiwandani. Na dikoda iliyochanganyikiwa kabisa, nyingi zinarudi utotoni ukiandika 8 kwenye CV8, lakini soma karatasi yake kwanza kwa sababu si zote.

Kokoto zimekataa kushika

Gundi nyeupe iliyochanganywa na maji imekaa juu kama umande na kokoto zinaelea. Ulianza na gundi kwenye kokoto kavu. Nyunyiza kwanza maji yenye spiriti au tone la sabuni ya vyombo hadi zilowe, ndipo gundi iingie. Kwenye swichi tumia kidogo mno na uzichezeshe ndimi kila baada ya dakika chache hadi ikauke.

Picha inaonekana ya mchezo

Kamera iko juu mno. Mtu wa mita 1.7 katika HO ana urefu wa karibu sentimita 2, na huko ndiko jicho la kamera linapotakiwa kuwa. Geuza simu kichwa chini ili lenzi ishuke hadi mezani. Zima taa za dari, acha taa moja kutoka upande mmoja, kwa kuwa jua ni moja.

Kisha, kabla hujafurahia, piga nyingine kwa kuvuta karibu, ukitazama kwa urefu wa reli kuelekea mwisho. Picha ya namna hii hubana umbali, na kila kipindo na kila kituta ambacho jicho lilikisamehe kinasimama mbele yako. Nilipoipiga ile ya daraja niliona, pale daraja linapoishia, reli ikipanda ngazi ndogo isiyofika milimita moja. Kichwa kilipoifikia kilikuwa kinainua magurudumu ya mbele na kukosa umeme. Kokoto zilikuwa zimeshagandishwa. Nikazilowesha maji usiku kucha hadi gundi ikalainika, nikaingiza vipande viwili vya kadi chini ya mataruma upande wa chini, nikakandamiza kwa kopo la rangi hadi asubuhi.